Mwanangu na moyamoya: tulichokiona kinapita kumbe hakipiti

Assalaam alaykum jamaani. Haya mambo ya moyamoya, maradhi ya mishipa ya ubongo aliyonayo binti yangu, nimekaa nayo zaidi ya mwaka, kila nikianza kuandika nalia nafunga simu. Lakini mwezi uliopita kanipigia mama mmoja wa Micheweni, huku kwetu Pemba, namba yangu kapewa na jirani, mwanawe mkono unalegea kisha unarudi na watu wanamwambia asubiri atakua ataacha. Nikaona hapana, hili leo naliandika.

Ilikuwa Ramadhani ya 2022. Binti yangu ana miaka minane, ndo mwaka wa mwanzo anataka kufunga mpaka magharibi. Namwambia funga mpaka adhuhuri inakutosha, hataki, wenzake wa chuo cha Qurani wote wanafunga. Jua lilikuwa kali siku hiyo na mtoto hakuamka daku. Ilipoadhiniwa kala tende moja, kashika bakuli la uji wa pilipili manga, wa moto, akawa anapuliza mbio mbio kwa ile njaa aliyonayo. Mara naliona bakuli linainama upande wa kulia, taratibu, uji unamwagika kwenye mkeka, na yeye analitazama tu kama bakuli si lake. Nikamgombeza. Mpaka leo linaniuma kwamba neno langu la mwanzo lilikuwa la kumgombeza. Halafu ndo nauona mkono wenyewe umening'inia, na akinijibu maneno yanatoka mazito kama mtu mwenye kitu mdomoni. Tukamlaza, babake akamsomea, baada ya dakika kama kumi mkono ukarudi, kainuka, kaomba sambusa. Tukasema njaa hiyo.

Kosa letu la mwanzo ni hapo. Kwa vile kilipita, tukaona si kitu.

Kikarudi mwezi wa sita kagombana na mdogo wake kalia sana, mkono ukafa ganzi. Kikarudi nyumbani kwa bibi yake, anapuliza jiko la makaa likolee. Kikarudi skuli siku ya michezo, kakimbia kaanguka, wakasema kateleza. Kila mara dakika tano, kumi, mara moja ilifika robo saa, halafu mzima kabisa anacheza. Mimi nilikuwa nahesabu mkono tu. Sikuwahi kujiuliza alikuwa anafanya nini kabla ya mkono kulegea. Ningejiuliza ningeona kwamba mara zote kulikuwa na pumzi ndani yake, kupuliza, kulia kwa kwikwi, kuhema.

Watu walisema mengi. Kijicho, kakanyaga mahali, anajitilia kwa sababu kapata mdogo. Mama mkwe wangu, Mungu amzidishie umri, kampeleka kwa sheikh kapewa kombe, maji yaliyooshewa maandishi ya aya, kanywa siku saba. Dua hatujaacha mpaka leo na wala sitomsikiliza mtu atakayenambia niache. Ila tulichokosea ni kuiweka spitali nyuma ya dua wakati viwili hivyo vilikuwa vinaweza kwenda pamoja. Na tulipokwenda spitali nako tulizunguka. Mahali pa mwanzo tukaambiwa damu chache, tukapewa vidonge vya kuongeza damu. Mahali pa pili tukaambiwa kifafa, katumia dawa ya kifafa miezi mitano, analala darasani na mkono unalegea vile vile. Siwataji na sina ugomvi nao, mtoto nampeleka akiwa mzima anacheka, daktari ataona nini? Hapo nawaambia wazazi wenzangu, mtoto akipatwa toeni simu MREKODI. Mtakaa kama hamna huruma lakini rekodini, na saa muiandike. Rekodi ya sekunde arubaini aliyoichukua binamu yake harusini, kwa bahati tu, ndo iliyokuja kufungua kila kitu, na ilikaa kwenye simu yake miezi mitatu hatuijui.

Miezi 14 ilipotea hivo.

Juni 2023 akapata kuharisha siku mbili. Hakunywa vya kutosha, na mimi sikumlazimisha. Jumapili asubuhi namwamsha haamki vizuri, mkono wa kulia na mguu havina nguvu, ananitazama anataka kusema maneno hayaji. Nikasubiri dakika kumi zangu zile. Zikapita. Nikasubiri nyengine. Hapo ndo nilipojua kwamba zamu hii haipiti.

Tukampeleka, tukaambiwa tuvuke Unguja. Tukachukua boti ya Mkoani, kusi limechafua bahari, mtoto anatapika, na mimi namnyima maji njia nzima naogopa atatapika tena. Kosa jengine kubwa na nilikuja kulijua baadae, mtoto mwenye maradhi haya akikaukiwa na maji damu inazidi kushindwa kupita. Angepaswa kuwekewa dripu kabla hatujapanda boti. Sikujua, na hakuna aliyenambia.

Unguja wakampiga picha ya CT, ikaonesha kiharusi upande wa kushoto wa ubongo. Mie nikasema kiharusi si maradhi ya wazee? Kulikuwa na daktari mdogo, msichana, kavaa mtandio wa buluu simsahau, kaitazama ile rekodi ya harusini mara tatu halafu kaniuliza, "Mama, mtoto ana siko seli?" Nikamwambia sijui. "Na hii inamtokea akilia, au akipuliza kitu cha moto?" Wallahi nilikosa pa kushika. Uji ukanijia mbele ya macho palepale.

Siko seli walimpima, hana. Tukapelekwa Dar kupigwa MRI, ile inayoonesha na mishipa, na huko ndo tukapewa jina. Moyamoya. Ni neno la Kijapani, maana yake kama moshi unaofuka. Walioupa jina hilo ni madaktari wa Japani, Suzuki na Takaku, mwaka 1969. Nitaeleza nilivyoelezwa mie. Damu inayokwenda mbele ya ubongo inapandia shingoni kwa mishipa mikubwa miwili, kulia na kushoto. Kwenye moyamoya ile mishipa ikishaingia ndani ya kichwa, pale chini ya ubongo, inaanza kubana kidogo kidogo mpaka inakaribia kuziba. Ubongo ukiona njaa unajitafutia, unaotesha vimishipa vyembamba kama nywele, vingi, vimesokotana, na kwenye picha vinaonekana kama wingu la moshi wa sigara. Vimishipa hivyo havitoshi na ni dhaifu. Kwa watoto mara nyingi inaleta kukosa damu, kwa watu wazima inaweza pia kupasuka na kuvuja damu. Sasa mtoto akipuliza sana au akilia kwa kwikwi anatoa hewa chafu nyingi mwilini, hewa hiyo ikipungua mishipa ya ubongo inajibana, na sehemu ambayo tayari inapata kidogo inakosa kabisa. Ndo ule mkono. Wala haiambukizi. Wakati mwengine inakwenda kifamilia, wakati mwengine inakuja na siko seli, au kwa watoto wenye hali ya Down ya kuzaliwa nayo, au mtu aliyewahi kupigwa mionzi ya kichwa. Kwetu hatukupata sababu yoyote.

Nikauliza dawa. Daktari kanambia aspirini atameza kila siku ili damu isigande, lakini hakuna dawa ya kuufungua mshipa huo. Kinachosaidia ni upasuaji wa kuupa ubongo njia nyengine ya damu. Na kanambia neno ambalo nataka kila mzazi alisikie kabla hajauza kitu: upasuaji haurudishi kilichokwisha kufa, unalinda kilichobaki. Mie nilisikia kwa sikio moja. Moyoni nilijiwekea kwamba atatoka huko mkono mzima. Hilo lilinigharimu machozi mengi baadae.

Nyumbani hawakukubali upesi. Upande wa babake walisema kichwa cha mtoto hakifunguliwi, mtoto akifunguliwa kichwa harudi. Kwetu spitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, kuna jengo la upasuaji wa ubongo kwa hiyo kichwa kufunguliwa si jambo geni hapa, lakini kwa hili la mishipa ya mtoto tulishauriwa twende India kwa watu wanaolifanya mara kwa mara. Aliyewalainisha ni ami yake mkubwa, kawaambia "kiharusi kimoja kishamchukua mkono na ulimi, mnangoja cha pili kichukue nini?" Wakanyamaza.

Pesa. Ntasema wazi kwa sababu mie nilitafuta mtu wa kunambia ukweli nikamkosa. Tulikodisha mikarafuu ya urithi misimu miwili mbele, kwa bei ya mtu mwenye shida mnajua inavyokuwa. Bangili zangu za harusi zilikwenda. Kaka yangu aliyeko Maskati alibeba karibu nusu, na msikitini walichanga. Yote kwa yote, tiketi, nyumba, chakula, vipimo na upasuaji, ilifika milioni 57 na kitu. Na sehemu kubwa ya kuumia ilitokana na kosa letu la hesabu: tuliandikiwa dola 6,800 tukadhani ndo kazi nzima, kumbe ni upande mmoja wa kichwa. Mishipa ilikuwa imebana pande zote mbili. Tuko Bengaluru ndo tunaambiwa upande wa pili unafanywa baada ya wiki kadhaa, na gharama yake ni ile ile. Ulizeni mapema: bei hii ni upande mmoja au miwili? Chumba cha mahututi ni siku ngapi, na zikizidi kila siku kiasi gani? Ile picha ya mishipa ya kupitishia mrija imo au nje? Kwetu ilikuwa nje.

Vyengine vya safari. Picha za MRI tulichukua ile karatasi ya majibu tu, CD tukaiacha, wakatupiga MRI upya kwa pesa yetu. Chanjo ya homa ya manjano, ndege yetu ilipita Addis Ababa tukaambiwa cheti kiwepo, na cheti kinaanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano, sisi tulichoma imebaki wiki, tukalipa kubadilisha tiketi. Viza ya matibabu tuliyopewa ilikuwa ya siku 60 na tulikaa wiki 14, kwa hiyo nikiwa na mtoto mwenye mshono kichwani shemegi yangu anashinda kwenye ofisi ya wageni kuomba kuongezewa. Na kwenye ndege mpeni maji kila wakati, mie nilishajifunza kwenye boti.

Kule kwanza wakampitishia mrija kwenye mshipa wa paja mpaka juu, wakamwaga dawa inayoonekana kwenye picha. Daktari mpasuaji akatuita tutazame. Nimeuona ule moshi kwa macho yangu. Mshipa unapanda, unafika mahali unakatika kama njia iliyoliwa na maji ya mvua, na juu yake kiwingu. Akasema maradhi haya yana madaraja sita, mwanao upande wa kushoto yuko la tatu. Akatueleza njia ni mbili. Ya kwanza wanachukua mshipa wa ngozi ya kichwa, ule unaopiga mbele ya sikio ukiweka kidole, wanautoboza ndani na kuushona moja kwa moja kwenye mshipa wa juu ya ubongo, kwa uzi mwembamba kuliko unywele, chini ya darubini, damu inapita siku ile ile. Ya pili, mshipa ule ule hawaukati, wanaulaza tu juu ya ubongo na kuushikiza, halafu ubongo wenyewe kwa vile una njaa unavuta vimishipa vipya kutoka pale, inachukua miezi. Watoto mishipa yao mara nyingi ni midogo mno kushonwa, na bahati nzuri kwa watoto hiyo ya pili inaota vizuri. Wakachagua hiyo. Mwanangu alielewa kuliko mimi, kamwambia babake kwa simu, "wananiazimia damu ya nywele wanaipeleka kwenye akili." Maneno yanamtoka taratibu, moja moja, lakini kayasema.

Usiku wa kuamkia upasuaji, watoto wengine wanaambiwa wasile wasinywe basi, yeye waliweka dripu tangu jioni ili asikaukiwe. Kabla ya sindano wakampaka krimu ya ganzi mkononi, wakangoja saa nzima, kwa sababu ndogo tu: asilie. Hiyo ndo ilikuwa amri ya kila mtu wodini, huyu asilizwe. Manesi wakija na sindano mie naanza kumwimbia, namsimulia sungura na fisi, namwambia avute pumzi taratibu kama anayenusa asumini. Kumzuia mtoto mgonjwa asilie wakati wewe mwenyewe unataka kulia ni kazi nzito kuliko zote nilizowahi kufanya. Nikizidiwa naenda msalani nalia, naosha uso, narudi.

Aliingia saa mbili asubuhi, katoka saa nane. Nywele hawakunyoa zote, walinyoa njia tu. Jicho la kushoto limevimba limefunga. Nilipoambiwa imekwenda vizuri nilikaa chini pale pale sakafuni.

Siku ya tatu mkono ukalegea tena na maneno yakakata. Dakika ishirini. Nilidhani tumekodisha mikarafuu bure. Wakaja mbio, dripu, wakapandisha presha kidogo, wakamlaza chali, ukarudi. Daktari akanambia siku za mwanzo hili hutokea, ubongo bado haujapata njia mpya na mwili umetikiswa na upasuaji. Laiti angenambia kabla! Basi nakwambieni mie: siku za mwanzo baada ya upasuaji kule kulegea kunaweza kurudi, haina maana upasuaji umeharibika, lakini usikae nako kimya, bonyeza kengele mara moja.

Upande wa kulia wakafanya wiki kumi baadae. Huo ulipita kwa wepesi, tulishajua mlango upo wapi. Januari 2024 tukarudi nyumbani.

Sasa hapa ndo nilipokosea tena. Nilirudi nikiwa nataka kila mtu aone mtoto mzima. Mkono wake wa kulia ulikuwa bado dhaifu, kufunga kifungo hawezi, kuandika kahamia kushoto, na nikawa namkazania, andika kwa kulia, shika kwa kulia, mpaka siku moja kaniambia, "Mama, ule mkono ulishaugua kabla ya India." Ana miaka tisa ananikumbusha alivyosema daktari wa Dar. Mazoezi anafanya, kijiko anashika, kifungo kikubwa anafunga, vidole viwili bado. Lakini tangu mwezi wa tatu 2024 mkono haujalegea hata mara moja. Tulipopiga picha baada ya mwaka vimishipa vipya vimeota pande zote mbili, vya kushoto zaidi. Aspirini anaendelea, na picha zitaendelea.

Mambo ya kila siku ambayo hayamo kwenye karatasi ya kuruhusiwa, au yamo kwa neno moja tu. Ushungi. Ule wa skuli wenye lastiki unabana hapa kwenye panja, na hapo ndo unapopita mshipa waliouingiza ndani, haufai kubanwa. Nimemshonea mpana, bila lastiki, na pini anaweka chini ya kidevu tu, haweki pembeni ya kichwa. Mtoto mwenye miwani mikono ya miwani nayo iangaliwe. Chupa ya maji haitoki mkobani, na nimemwomba mwalimu amruhusu kwenda msalani bila kuuliza, kwa sababu alikuwa hanywi ili asiombe ruhusa. Mapulizo (maputo) ya harusi hapulizi, moto hapulizi. Homa au kuharisha sisubiri, asubuhi ile ile tuko spitali kuomba dripu. Uji anaupoza kwa kuumimina toka bakuli hili kuingia lile, mara sita saba, na mdogo wake kaiga, sasa nyumba nzima tunapoza hivo.

Kufunga tuliuliza daktari, tukauliza na sheikh, wote wawili wakasema asifunge, mgonjwa ana ruhusa yake. Alihuzunika. Ramadhani iliyopita kazi yake ikawa kukata tende na kuzipanga kwenye sahani na kungoja adhana mlangoni, na hakuna aliyekuwa anakula mpaka yeye aseme tayari.

Kama mtoto wako kiungo kinalegea kisha kinarudi, au mdomo unakwenda upande kisha unarudi, usiseme kimepita. Mwambie daktari neno hili hili, nataka mishipa ya ubongo itazamwe, na umwoneshe rekodi. Akikwambia ni kifafa na dawa haisaidii, rudi.

Wengi huniuliza nimeandika nini kwenye barua ya skuli, hii hapa mnaweza kuinakili:

"Mtoto huyu ana maradhi ya mishipa ya ubongo, kafanyiwa upasuaji. Maji anywe muda wote. Asikimbizwe juani, asipigwe, asiachwe akalia kwa muda mrefu. Asipulize mapulizo wala filimbi. Mkono ukilegea, mdomo ukipinda au akishindwa kusema: mlazeni chali, mtulizeni apumue taratibu, kama anameza vizuri mpeni maji, andikeni saa ilipoanza, nipigieni hapo hapo hata kama imepita. Isipopita msinisubiri, mpelekeni spitali mimi nitawakuta huko."

Ipo kwa mwalimu mkuu, kwa ustadhi wa chuoni, kwa kijana wa gari ya skuli, na kwa shangazi yake Konde anakokwenda likizo.